Kimia cha Burano

Tulivuka kwa mashua kutoka Venice, Italia, hadi Burano, kisiwa cha wavuvi. Nyumba zake nyekundu, manjano na buluu zapendeza, lakini kilichotushika ni kimia, yaani lesi ishonwayo kwa sindano, uzi juu ya uzi, kila mwanamke na mshono wake. Mwaka 1872, baada ya baridi kugandisha maji na wavuvi kukosa riziki, aliyeijua kazi hiyo barabara alibaki ajuza mmoja, Cencia Scarpariola. Alimfundisha mwalimu, naye akawafundisha wasichana, chuo kikasimama. Chuo hicho kimekwisha fungwa. Jengo limekuwa makumbusho tangu 1981. Humo tuliwakuta vikongwe wakishona. Kijana hatukumwona hata mmoja.