Kuku wa Kahawia Watagao Mayai

Siku hizi katika nyua nyingi waonekana kuku wa rangi ya kahawia, wanaofugwa kwa ajili ya mayai. Sifa zao ni za kweli: mmoja akitunzwa vema aweza kutaga mayai kama 300 katika mwaka wake wa kwanza. Lakini mtu asiuze kuku wake wote wa kienyeji kwa tamaa hiyo kabla ya kujua tabia ya mgeni huyu.

Yeye ni chotara. Aina iitwayo ISA Brown ilitokea Ufaransa mwaka 1978. Wazazi wake si wa namna moja, na vifaranga hujulikana siku ile ile ya kuanguliwa: majike ni ya kahawia, madume ni meupe-meupe. Ukiangua mayai yake, watoto hawafanani na mama yao, wala hawatagi kama yeye. Tena mwenyewe aghalabu haatamii. Kundi likichoka, huna budi kununua jingine. Basi mwenye mitetea wawili watatu wa kienyeji awaweke, ila walale banda lao mbali, maana maradhi huambukizana. Wote wapewe chanjo ya kideri, ile ya tone jichoni kila miezi 3.

Taabu kubwa ni chakula. Wengi humwacha ajitafutie jaani, kisha hulalamika. Yai la gramu 60 lina gamba la gramu 6 hivi, nalo karibu lote ni chokaa. Asipoipata katika chakula, huitoa katika mifupa yake mwenyewe, hata miguu ikalegea. Kuku 10 wahitaji kilo 1 na robo hivi kila siku, wala pumba tupu haifai. Itiwe mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Makombe yaliyopondwa yawekwe kando, hasa alasiri, kwa kuwa gamba hufanyika zaidi usiku. Aliye mbali na pwani akaushe magamba ya mayai, ayasage sana, kuku asije akajifunza kula mayai yake. Maji yasikauke kamwe.

Jogoo hahitajiki ili kuku atage, ijapokuwa wako wazee wasiokubali neno hili hata wakionyeshwa kikapu.

Huanza kutaga wakiwa na majuma 18 hadi 20. Wakipita mwaka mmoja na nusu, mayai hupungua na chakula hakipungui. Wauzwe wangali wanene, na fedha ya vifaranga wapya aiweke mama wa nyumba.