Mwalimu na Mtoto Asiyesema

Kila askari aliyepitia mafunzo ya redio ya upepo aijua sheria hii: ujumbe haujafika mpaka aliyeupokea ameurudia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Koboko, mama aliyesomesha kwa zaidi ya miaka 20, kwanza Arua na sasa huko, alinieleza kuwa darasani sheria ni ile ile. Tofauti ni kwamba redio ikinyamaza huitwa fundi. Mtoto akinyamaza huitwa mjinga, na mara nyingi huchapwa.

Sababu ya kwanza ya ukimya ni lugha. Koboko iko karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Wenyeji husema Kikakwa, aliyetoka Arua husema Kilugbara, wa Yumbe Kiaringa, na jirani kutoka Sudan Kusini huja na Kiarabu cha Juba. Tangu mwaka 2007 mtaala waagiza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali. Ni agizo jema, lakini katika benchi moja la watoto watano, lugha ya mahali ni ipi? Yeye humketisha mgeni karibu na mtoto ajuaye lugha zote mbili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima mashuleni, jambo lililotufurahisha sisi tuliokilea kambini. Huenda siku moja likampunguzia kazi.

Sababu ya pili yatuhusu sisi tuvaao sare. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, watu walivuka mpaka kwa maelfu. Kambi ya Bidibidi ikafunguliwa Yumbe mwezi Agosti mwaka huo, na ile ya Imvepi mwezi Februari 2017. Wengi wa watoto hao waliona mambo yaliyotendwa na watu wenye bunduki. Wala wenyeji si wageni wa habari hizo. Mababu zao walikimbilia Sudan na Zaire baada ya mwaka 1979, na tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali ya wakati ule waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Khofu ya namna hiyo hurithiwa mezani, bila kufundishwa.

Mwalimu alinisimulia kwamba afande mmoja alipofika shuleni kumwangalia mwanawe, mtoto mwingine aliingia chini ya dawati na hakutoka hadi gari lilipoondoka. Afande yule hakuwa na kosa lolote, hata hakumwona.

Kwa mtoto kama huyo, fimbo huongeza ukimya tu, tena sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imeikataza shuleni. Mwalimu humpa kazi ndogo isiyohitaji maneno: kuleta chaki, kufuta ubao. Humwacha achore. Sauti huja baada ya wiki, pengine baada ya muhula mzima, na neno la kwanza aghlabu huwa la kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nilimuuliza naye huzuni anazozisikia humpelekea nani. Alicheka kidogo, akanijibu kwa swali: ninyi afande, zenu mwampelekea nani? Sikuwa na jibu la haraka. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya kufungwa tangu Machi 2020, baadhi ya wasichana wake hawakurudi; walikuwa wamekwisha kuwa mama. Jioni zile yeye na walimu wenzake walizoea kubaki kidogo baada ya kengele ya mwisho, wakaelezana siku ilivyokwenda. Hadi leo hufanya hivyo, na asema ndiko kumemweka kazini.

Maombi yake kwetu ni machache. Askari akifika shuleni, silaha ibaki mbali. Amsalimu mwalimu kwanza, na azungumzapo na mtoto achuchumae ili macho yalingane. Na siku ya wazazi aje, maana mtoto wa kambini ahamishwaye kila mara huitazama njia.

Aidha, mtoto mwenye shida nyumbani aweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Mwalimu ameiandika kwa chaki pembeni chini ya ubao, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na kila Ijumaa, anayefuta ubao huambiwa airuke.