Lango la Fudai

Ndugu Wanachama,

Tufani ya 1872 iling'oa mikarafuu mingi sana Unguja. Tufani haizuiliki, lakini hasara yake hupunguzwa na wenye kujiandaa mapema.

Kijiji cha Fudai, Japani, kilipoteza watu wengi kwa mawimbi makuu ya 1896 na 1933. Mkuu wa kijiji, Bwana Wamura, akajenga lango la kuzuia bahari, kimo chake mita 15.5. Watu walinung'unikia gharama. Lilimalizika 1984, yeye akafariki 1997. Mwaka 2011 mawimbi yalirudi, na nyumba za nyuma ya lango zikasalimika.

Basi halmashauri yetu ikitaka fedha za kuinua tuta la bonde, tusiwe wepesi wa kunung'unika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katibu wenu