Kipimo cha Mwangaza Hakijui Karatasi
Karatasi za foto ni bei kali, nasi tuliharibu 12 kwa kuamini kipimo tu. Kumbe kinapima mwangaza, hakijui karatasi! Inafaa kukifundisha. Tunaweka kipande cha karatasi pahali pa uso wa mtu, tunakifunika pole pole kwa kartoni kipate segonde 5, 10, 20, 40. Kikitoka katika dawa, tunachagua muda mzuri, tuseme 10. Bila kugusa mashini, tunazima taa nyekundu (nayo inadanganya), tunaweka kipimo palepale, tunazungusha kifungo mpaka sindano isimame katikati. Namba ile tunaiandika kwenye sanduku ya karatasi.

Foto ingine, tunafungua ao tunafunga lensi mpaka sindano irudi katikati, tunaacha segonde 10. Karatasi ya aina ingine, tunaanza upya.