Mtikisiko wa Gari Kuukuu: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Katika mitaa ya Kariakoo na eneo jirani la Gerezani, jijini Dar es Salaam, ambako maduka ya spea yamebanana na karakana ndogo, mwenye Land Rover au Toyota Land Cruiser ya zamani hakosi kifaa anachokihitaji, kiwe kipya au cha mtumba. Wingi huo wa spea ni neema kwa watumiaji wa magari haya, lakini una hatari yake, kwa kuwa mahali ambapo kununua ni rahisi, kupima husahauliwa. Gari linalotikisika hubadilishiwa shokapu, kisha bushi, kisha tairodi, na pengine hata tairi zote nne, mpaka fedha za mwenyewe zinakwisha ilhali mtikisiko upo palepale. Jambo linalopaswa kueleweka kabla ya mfuko kufunguliwa ni kwamba kila mtikisiko una mwendo wake maalumu, na mwendo huo, ukifuatiliwa kwa utaratibu, humwongoza fundi hadi kwenye sehemu yenye ubovu.

Magari haya yana umbile linaloyafanya yawe imara porini na wakati huohuo yawe mepesi kutikisika barabarani. Land Rover, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilibaki na ekseli nzima mbele na nyuma hadi umbo lake la zamani lilipoacha kuundwa Januari 2016, na Land Cruiser za toleo la 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, zina ekseli nzima ya mbele hata leo. Ekseli nzima ni mhimili mmoja mgumu unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kwa hiyo kishindo kinachopokelewa na gurudumu moja huufikia upande wa pili. Juu ya hayo, viungo vingi vya magari haya hutegemea bushi, yaani vipande vya mpira vinavyokaa kati ya chuma na chuma, na mpira huo hukauka na kupasuka kwa umri, kwa joto na kwa kumwagikiwa na oili.

Vyanzo vya mtikisiko vinaweza kugawanywa katika makundi matatu, kwa kuwa gari lina mizunguko mitatu mikuu yenye kasi tofauti. Gurudumu lenye tairi la ukubwa wa 7.50R16, ambalo mzingo wake unakaribia mita 2.5, huzunguka takriban mara 9 kwa sekunde gari linapokwenda kilomita 80 kwa saa. Propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu, huzunguka kwa kasi zaidi, na katika gari ambalo uwiano wa difu yake ni 4.1 hufikia mara 36 kwa sekunde katika mwendo huohuo. Injini nayo hufuata mguu wa dereva na gia aliyoichagua, si mwendo wa magurudumu pekee. Ndiyo maana ubovu wa gurudumu huhisiwa kama mapigo yanayoweza karibu kuhesabika, ubovu wa propela huhisiwa kama mvumo unaopanda kutoka sakafuni, na ubovu wa injini huonekana hata gari likiwa limesimama.

Kutokana na mgawanyo huo, jaribio la kwanza halihitaji spana hata moja. Gari lisimame, gia iwe nyutro, na injini ipandishwe polepole. Mtikisiko ukitokea hapo, magurudumu na propela havihusiki. Mtikisiko ukiwa ni wa barabarani tu, gari lipelekwe mahali panaporuhusu mwendo, kwa kuwa msongamano wa mitaa ya Msimbazi na Uhuru haulipi gari nafasi ya kuonesha ugonjwa wake, na kipande kirefu kama cha Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, pale alama za barabarani zinaporuhusu, kinafaa zaidi. Dereva akifikia mwendo unaoleta mtikisiko, aweke nyutro na kuliacha gari liserereke: mtikisiko ukiendelea vilevile, chanzo kimo katika magurudumu, ekseli au propela, ukikatika mara moja, chanzo kimo katika injini, klachi, au kiungo kinacholegea pale tu kinapobeba nguvu. Mtikisiko unaojitokeza wakati wa kufunga breki pekee huelekeza kwenye diski iliyopinda au ngoma ya breki iliyopoteza umviringo wake.

Magurudumu ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu ndiyo yenye makosa mengi na tiba nafuu. Gari lililotoka mikoani wakati wa mvua mara nyingi hurudi na udongo uliokauka upande wa ndani wa rimu, mahali ambapo mwosha magari haoni, na udongo huo huondoa mlingano wa gurudumu. Athari yake si ndogo, kwani gramu 50 tu zilizoganda kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16, katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huzalisha nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3 inayovuta kila upande kwa zamu. Baada ya rimu kusafishwa, tairi likaguliwe kama lina uvimbe au limelika upande mmoja, na tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT zisomwe, kwa kuwa zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ndipo magurudumu yafanyiwe balansi, na nati zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande badala ya kufuata mduara.

Mtikisiko unaoogopwa zaidi ni ule wa ekseli ya mbele, ambapo gari hupita kwenye shimo au tuta na ghafla usukani huanza kutupwa kushoto na kulia kwa nguvu inayomshinda dereva, na hautulii mpaka mwendo upungue sana. Tatizo hili liliwasumbua wahandisi wa Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, na ni miongoni mwa sababu zilizoifanya kampuni ya General Motors mwaka 1934 iyape baadhi ya magari yake magurudumu ya mbele yanayojitegemea kila moja. Kwa magari yaliyobaki na ekseli nzima, kinga ni kuhakikisha hakuna kiungo kilicholegea. Gurudumu liinuliwe kwa jeki, stendi imara iwekwe chini ya ekseli, kisha fundi alishike tairi juu na chini na kulisukasuka. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi za habu ndizo zilizolegea, ukibaki, ubovu umo kwenye kingpini, yaani egemeo ambalo gurudumu hulizunguka linapokata kona. Tairi likishikwa kushoto na kulia na likacheza, zitazamwe tairodi, ambazo ni fito zinazopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu.

Kingpini haipimwi kwa macho pekee. Fundi makini huchomoa tairodi, hufunga mizani ya springi kwenye mkono wa usukani uliopo kwenye gurudumu, kisha huvuta na kusoma uzito unaohitajika ili mkono huo uanze kusogea. Ukiwa nje ya kiwango cha kiwanda, hupunguza au kuongeza shimu, yaani vibati vyembamba, mpaka beringi zibane ipasavyo. Katika magari yenye springi za koili mbele, bushi za ufito unaozuia ekseli isihame pembeni nazo zikaguliwe. Dampa ya usukani, ambayo watu wengi huikimbilia kwanza, hutuliza mtikisiko bila kuondoa sababu yake, na kwa hiyo dampa mpya juu ya kingpini mbovu humpa dereva imani isiyo na msingi.

Propela ina viungo viwili vinavyoitwa krosi, ambavyo huiwezesha kuzunguka huku ikiwa imeinama. Robert Hooke wa Uingereza alikwishaichunguza tabia ya kiungo hiki katika karne ya 17: kikiinama, upande unaosukumwa huongeza na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Krosi mbili hufutiana kasoro hiyo zikiwa tu katika mpangilio uliowekwa kiwandani, kwa hiyo fundi anayeifungua propela bila kuweka alama ya rangi pande zote mbili huweza kuzalisha mtikisiko ambao haukuwepo. Kuinua gari kwa springi ndefu huongeza mwinamo na huleta madhara hayohayo. Ili kujua kama propela ya mbele ndiyo yenye kosa, Land Cruiser yenye habu za kufungua hutolewa kwenye mfungo ili propela hiyo isizunguke. Mtikisiko ukiisha, eneo la kutafuta limeshapungua kwa nusu.

Kwa upande wa injini, dizeli ya silinda 6 inayozunguka mara 700 kwa dakika hutikisa gari karibu mara 6 kwa sekunde endapo silinda moja haichomi mafuta vizuri. Fundi huitambua kwa kulegeza nati ya bomba la kila nozeli kwa zamu: silinda ambayo haileti tofauti ya mngurumo ndiyo mbovu. Kazi hiyo ifanywe kwa miwani na kwa kuweka mikono mbali, kwa sababu dizeli yenye shinikizo inaweza kupenya ngozi. Silinda zote zikiwa nzima, maunti za injini, yaani mipira inayoibeba, ndizo za kukaguliwa.

Mwenye gari anayefuata mpangilio huu huingia Gerezani akijua jina la kifaa anachokitaka na sababu ya kukitaka, naye ana haki ya kudai aoneshwe kifaa kilichochomolewa pamoja na kasoro yake. Kwa gari linalobeba familia usiku kuelekea Lindi au Morogoro, kingpini iliyopimwa kwa mizani ina thamani kubwa kuliko rundo la spea mpya zilizofungwa kwa kubahatisha, na fundi anayetumia saa nzima kupima kabla ya kufungua nati ya kwanza anastahili kulipwa kwa saa hiyo.