Kitengela na Kajiado: Picha ziko njiani, wenye kamera wazipita

Kila mwisho wa wiki, na zaidi katika miezi ya Julai na Agosti, magari ya watalii hutoka Nairobi alfajiri, yakapita Athi River, yakashika barabara ya Namanga na kwenda mbio kuelekea Amboseli. Ndani yake mna kamera za bei kubwa na lenzi ndefu kama mkono. Wenyewe wanaitaka picha moja: ndovu mbele, theluji ya Kilimanjaro nyuma. Picha hiyo ni nzuri, wala hakuna anayeikana. Ila imekwisha kupigwa mara nyingi hata kila kalenda ya dukani inayo. Na ili kuifikia, wenye kamera wamepita zaidi ya kilomita mia moja za nchi ambayo hawakuitupia jicho.

Nchi hiyo ndiyo tunayoizungumza leo. Ni Kitengela, mji uliochipuka kwa haraka kando ya barabara kuu. Ni uwanda wa Kaputiei unaoanzia hapo. Na ni mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti, ulioko kama kilomita 80 kusini mwa Nairobi. Kwa mtu anayejifunza kupiga picha, awe na kamera ya filamu aliyorithi kwa babake au simu ya mfukoni, hii ni shule isiyodai karo. Hakuna lango la kulipia, na nauli ya matatu inatosha.

Uwanda na mwanga wake

Mgeni akishuka Isinya kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba hapana kitu cha kupiga. Nchi ni bapa, majani ni makavu, na mbingu imechukua robo tatu ya kila anachokiona. Lakini huo ubapa ndio mwalimu wa kwanza. Mahali penye mlima, mlima hukufanyia kazi. Mahali bapa, kazi ni yako. Lazima uamue mstari wa ardhi na mbingu uukate wapi. Ukiuweka chini, picha inakuwa ya mawingu. Ukiupandisha juu, inakuwa ya majani, mavumbi na nyayo za ng'ombe. Kisha unasubiri kitu kimoja tu kiingie: mchungaji na fimbo yake, punda aliyebeba mitungi ya maji, au matatu inayotimua vumbi kwenye njia ya pembeni.

Karibu na ikweta jua halichelewi. Huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ifikapo saa tatu mwanga umekwisha kuwa mkali, vivuli vimefupika na rangi zimechujuka. Basi mpigapicha ana muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili nyingine jioni, kuanzia kama saa kumi na nusu. Kati ya nyakati hizo ni afadhali kutafuta kivuli na chai.

Misimu nayo ina tabia zake. Masika yakinyesha, udongo mweusi hunata viatuni na uwanda wote huwa kijani kwa majuma machache. Wakati wa kiangazi majani hugeuka rangi ya dhahabu. Asubuhi nyingine, mvua ikiwa imeosha anga, Kilimanjaro huonekana kwa mbali sana, kama wingu lililosahauliwa. Na katika mbuga hizi uko mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi wadogo hufanya makao. Upepo ukipita katika vitundu vyake, mti hupiga mluzi. Kamera haiwezi kuunasa mluzi, lakini yaonyesha mti ulivyoinama kwa miaka mingi ya upepo huo huo.

Bustani penye ukame

Wengi hudhani bustani ni jambo la Limuru na Tigoni, penye mvua na ukungu. Kitengela inakanusha hayo. Ng'ambo ya bonde la Mbagathi, ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alianza makazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mahali palipokuwa miiba na mawe pakawa kijiji cha vioo. Vioo vya madirisha vilivyovunjika na chupa zilizotupwa vilikusanywa, vikakatwa au kuyeyushwa tena, vikawa madirisha ya rangi, shanga, bilauri na sanamu. Njia zimetandazwa vipande vya vioo, na majengo yana kuta zilizopinda na paa za mviringo. Mwanawe, Anselm Croze, aliendeleza ufundi wa kupuliza kioo cha moto. Kwa mpigapicha, hapo ndipo pa kujifunza jinsi mwanga unavyopita ndani ya kitu badala ya kukigonga kwa nje.

Lakini si lazima kufika kwa wasanii. Kando ya barabara mna vitalu vya miche, safu kwa safu ya boganvilia, mishubiri na miti ya matunda ndani ya makopo na mifuko. Nyuma ya nyumba za kupangisha mama wengi wamepanda sukuma wiki ndani ya magunia, kwa maji waliyoyanunua. Ua wa kayaba uliokatwa vizuri, karai la maji, jani moja bichi mbele ya ukuta wa mabati: hivyo vyote vinatosha. Bustani iliyopatikana kwa shida humwambia mtazamaji mengi kuliko bustani iliyojiotea. Mpigapicha na ainame, asogee karibu, na afike kabla umande haujakauka.

Mji mdogo

Jina la Kajiado latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto mrefu. Lakini kilichoupa mji umbo lake ni reli. Katika miaka ya 1910 ilijengwa njia ya kutoka Konza hadi Ziwa Magadi ili kusafirisha magadi, na Kajiado ikawa stesheni. Reli ile nyembamba ingali inakata mji, na mistari yake miwili ya chuma humwongoza mpigapicha kuliko kitabu chochote.

Siku ya soko nenda mapema. Utawaona wazee waliovaa makoti juu ya shuka, madalali wakishikana mikono, mbuzi waliopigwa rangi mgongoni ili kutambuliwa. Utaona duka la dawa za mifugo likipakana na kinyozi, fundi cherehani barazani, akina mama na shanga zao, na vijana wa bodaboda wamelalia pikipiki zao wakingoja abiria. Kuta za maduka zimeandikwa kwa mkono, na kila mwandishi ana herufi zake. Usikimbie huku na huku. Chagua pembe moja yenye mwanga mzuri, simama hapo nusu saa, na mji wenyewe utakupitia.

Uso wa mtu

Sasa tufike kwenye jambo zito. Wamaasai wamepigwa picha pengine kuliko watu wengine wote wa Afrika Mashariki, na aghalabu wamepigwa kwa namna moja: moran, mkuki, machweo. Mwaka 1971 Mirella Ricciardi, mzaliwa wa Kenya, alitoa kitabu chake cha picha ambacho jina lake lilisema Afrika inatoweka. Mwaka 1987 Mohamed Amin, yule Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia mwaka 1984, alitoa pamoja na wenzake kitabu kilichowataja Wamaasai wa mwisho. Ufundi uliomo humo ni wa hali ya juu. Lakini sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Wamaasai zaidi ya milioni moja. Watu hawakutoweka. Wako Kajiado, ni walimu, makarani, wafugaji, mawakili, na wengine wanapiga picha wao wenyewe.

Ndiyo sababu mzee wa boma humkunjia uso mgeni anayeinua kamera kabla ya kuinua mkono. Adabu ya hapa yajulikana: salamu kwanza, na mtoto huinamisha kichwa ili mkubwa amguse. Jitambulishe, eleza picha ni ya nini, na ukikataliwa shukuru uende zako. Ukikubaliwa, timiza ahadi ya kurudisha nakala. Sheria nayo imeingia. Tangu ipitishwe Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu si mali ya kuokotwa. Mwaka 2023 baa moja ya Nairobi ilitozwa faini kwa kuitangaza picha ya mteja bila idhini yake.

Kuna na haki ya pili, nayo ni ya ufundi. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilisawazishwa kwa picha ya mwanamke wa Kizungu, na uso mweusi ukatoka kama kivuli chenye meno. Kamera za leo ni bora, lakini bado hudanganywa na mbingu kali ya Kajiado. Pima mwanga wa uso, si wa mbingu. Kwenye simu, gusa uso huo kiooni kabla ya kupiga. Au mwombe mwenyeji akae barazani, chini ya paa, ambapo mwanga huakisiwa na ardhi na kumpanda taratibu kutoka chini.

Kinachotoweka

Kinachotoweka kweli ni uwanda. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa wafugaji ranchi za pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 nyingi ziligawanywa, kila mtu akapata kipande chake, na vipande vikauzwa. Viwanda vya Athi River vilileta wafanyakazi waliohitaji nyumba, na kufikia mwaka 2019 mji wa Kitengela ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutaka ploti na paa lake. Hata hivyo, Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini, na nyumbu waliokuwa wakitoka humo masika kwenda kulisha Kitengela sasa hukutana na seng'enge. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa makumi ya maelfu. Leo wamebaki elfu chache.

Basi mwenye kamera ana kazi hapa, na si ya kuota ndoto za zamani. Ni kuweka kumbukumbu. Apige uwanda ulio wazi, apige na ua unaouziba. Apige boma, na gorofa inayopanda nyuma yake. Akichapisha picha, aandike nyuma yake kwa kalamu: mahali, tarehe, na jina la mtu kama amekubali litajwe. Baada ya miaka ishirini mjukuu atauliza njia ya nyumbu ilipita wapi, na ndovu wa kwenye kalenda hatakuwa na jibu. Picha ile yenye maandishi nyuma itakuwa nalo.