Kulala Ujiji, Mwisho wa Njia ya Misafara

Baadhi ya wanachama wetu wametaka ushauri juu ya kupokea wageni mashambani, kwani siku hizi wageni wengi hupenda kuiona mikarafuu, na wengine wangefurahi kulala papo hapo. Badala ya kutoa maneno matupu, tumeona bora tuwaeleze khabari za mji mmoja uliozoea wageni tangu zamani, nao ni Ujiji, katika mkoa wa Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mji huo uko mbali nasi, lakini wageni wake wa kale, wengi wao walitokea huku kwetu.

Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, mtu aliyetoka pwani kwenda Ziwani alikwenda kwa miguu. Njia ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikaishia Ujiji, mwendo upatao kilomita 1,200, na misafara ilichukua miezi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na mzigo wa mmoja ulifika ratili 60 au 70, yaani kiasi cha frasila mbili. Mwanachama aliyewahi kujitwisha karafuu kutoka shambani mpaka kituoni aujua uzito huo. Basi na aufikirie kwa safari ya miezi.

Jioni msafara ulipiga kambi, wapagazi wakajenga vibanda vya majani na kuzungusha boma la miiba. Katika miji mikubwa, kama Tabora na Ujiji, wafanya biashara walikuwa na tembe, yaani nyumba za udongo zenye kuta nene, paa la bapa lililotandazwa udongo juu ya miti, na ua katikati. Humo mgeni alipumzika, akaweka mali yake, akauliza khabari za njia ya mbele.

Waingereza Burton na Speke waliingia Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mwenzao, David Livingstone, alirejea hapo Oktoba 1871 kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa, akiwa mgonjwa na mikono mitupu, naye alitumai kuzikuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani. Akakuta zimekwisha uzwa na yule aliyeaminiwa kuzitunza. Haukupita muda mrefu Henry Morton Stanley akawasili na kumkuta pale. Ulimwengu mzima waikumbuka salamu ya Stanley. Sisi twaona la kukumbukwa zaidi ni lile la bidhaa. Kitanda kizuri na chakula kitamu havimfai mgeni ikiwa hana amani na mali yake.

Mwanachama atakayefika huko leo atapata nyumba za kulala wageni mjini Kigoma, na kutoka hapo Ujiji ni kama kilomita nane tu. Mahali walipokutana wawili hao pana makumbusho, pamoja na miembe ambayo wenyeji husema ni kizazi cha mwembe wa zamani. Asishangae akiona maji yako mbali, kwani ufuko umerudi nyuma tangu siku zile. Atakaribishwa ugali wa muhogo kwa mgebuka au dagaa, na usiku usio na mbalamwezi ataona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Kiswahili hakitamsumbua, na sauti ya adhana itamkumbusha kwao.

Mwenye miguu mizuri na aende Gombe, kiasi cha kilomita 16 kaskazini ya Kigoma. Huendewa kwa mashua, wala ndani yake hamna barabara ya gari. Ni vijia vya miguu vinavyopanda kutoka ufukweni, vikafuata mabonde yenye misitu mpaka mgongo wa milima. Hapo ndipo marehemu Jane Goodall alipoanza kuwachunguza sokwe mwezi wa Julai 1960, na mwaka 1968 pakafanywa hifadhi ya taifa. Mgeni hutembea na kiongozi, haruhusiwi kuwakaribia sokwe, na muda wa kuwatazama una mpaka, kwa sababu maradhi ya binadamu huwaua. Yafaa tuliangalie jambo hili: mwenyeji anamwekea mgeni masharti, na wageni hawaachi kwenda.

Sasa twafika penye uzito. Njia ya Ujiji haikupitwa na wapagazi huru peke yao. Walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, na baadhi yao waliishia visiwani kwetu. Mikarafuu ya karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa na watumwa waliotoka bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, na wengine Manyema. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash akatia sahihi mkataba wa kukataza biashara hiyo baharini. Na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria huku kwetu mpaka mwaka 1897.

Wako wazee wanaosema mambo haya yasizungumzwe mbele ya wageni, kwa kuwa ni aibu, na mgeni amekuja kufurahi. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Serikali yetu yenyewe mwaka 2006 iliipeleka njia hii, tangu Bagamoyo hadi Ujiji, UNESCO, iwekwe katika orodha ya kungojea kufanywa urithi wa dunia, na jina iliyopewa lataja watumwa na pembe za ndovu waziwazi. Tena wengi wetu ni wajukuu wa wale walioletwa. Tukimwonyesha mgeni harufu na maua tu, tutakuwa tumewaficha babu zetu katika shamba walilolipanda wenyewe.

Kwa hiyo, mwenye nia ya kupokea wageni na atengeneze kwanza chumba safi chenye kufuli, choo na maji. Pili, aweke bei moja na masharti yanayojulikana tangu mwanzo. Tatu, awaulize wazee khabari za shamba lake, nani alilipanda na nani alichuma, aziandike wangali hai. Majina ya walio tayari yaletwe kwa Katibu kabla ya msimu wa kuchuma, ili Kamati ipate kuyazungumza.